Vitabu Vilivyoshuka Ifakara

Mpunga unapotoa masuke katika Bonde la Kilombero, watoto hupewa kazi ya kuamia ndege. Hujengewa dungu la miti katikati ya shamba, hupewa kombeo na debe la kugonga, wakakaa huko juu tangu alfajiri mpaka jua linapozama nyuma ya milima ya Udzungwa. Mwaka 1985, nikiwa na umri wa miaka 14, ndiko nilikosomea Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Nakala ile haikuwa na jalada, wala haikuwa na kurasa za mwisho. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa mvutaji tumbaku, na karatasi ya kusokotea ilikuwa adimu. Ndege walikula robo ya jaruba letu. Mama aliponiuliza nilikuwa nikifanya nini, nilisema nilipitiwa na usingizi, kwa kuwa nilijua usingizi ungesameheka upesi kuliko kitabu. Lakini kilichoniuma zaidi si fimbo. Ni kwamba sikumjua muuaji. Nilikuja kumjua miaka saba baadaye, nilipovuka kuja Unguja kutafuta riziki, nikakikuta kitabu kizima juu ya kabati katika nyumba niliyopanga chumba.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ya lawama moja ambayo, msomaji, huenda umeisikia nawe barazani. Husemwa kwamba vijana wetu hawana hamu ya kusoma kwa Kiswahili. Kwamba simu imewaharibu, au kwamba bara hakuna mazoea ya kitabu kama yaliyopo pwani. Nimekulia bara na mvi zimenitokea visiwani, nami nathubutu kusema kwamba lawama hiyo haina ushahidi. Historia ya bonde lile, ukiifuata tangu mwanzo wa karne iliyopita, inatuonyesha vijana waliosoma kila kitabu kilipowafikia. Kilichokuwa kikikatika ni njia ya kitabu, nayo kwa miaka mingi imekatika mahali pamoja: mlangoni pa kidato cha kwanza.

Kiswahili kilifika Kilombero kwa miguu. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara na wapagazi, kikasikika miongoni mwa Wandamba wavuvi, Wambunga, Wapogoro na Wabena wa Mtoni, kabla dola ya Kijerumani haijakifanya kuwa lugha ya maakida na ya barua za serikali. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, wakiwa na imani kwamba maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe yatawakinga na risasi. Bunduki za rasharasha ziliwafyeka, na njaa iliyofuata ikawamaliza wengine. Shule za misheni zilizoenea baada ya vita ziliwapokea watoto wa waliosalia. Wabenediktini walikuwa wamekwisha kujenga Kwiro, karibu na Mahenge, tangu 1902, na kuanzia 1921 nafasi yao ilishikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi. Katika madarasa hayo kijana wa bonde alijifunza kusoma kwa Kiswahili katekisimu, nyimbo za ibada na hesabu. Havikuwa vitabu vya kukesha navyo.

Vita ile ilipata washairi na waandishi wake, ila walitoka pwani. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapa mwaka 1957. Na Ebrahim Hussein wa Kilwa alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969. Hiyo tamthilia ilifika kwetu. Kaka zetu waliisoma kwa sauti kubarazani, nasi wadogo tulishangaa kuona jambo ambalo bibi alilisimulia kwa kunong'ona limepigwa chapa.

Kabla ya hapo lakini ilikuwapo miaka ambayo kitabu cha kusomea raha kilizaliwa, na sisi tunaofasiri hatuna budi kuikumbuka kwa heshima. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, likawa na ukurasa wa mashairi uliosubiriwa na walimu wa shule za vijijini kama mvua ya vuli. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka uliofuata Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, alitoa tafsiri mbili ambazo umri wake sasa unakaribia karne: Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtu aweza kuzilaumu tafsiri hizo kwa mengi. Mashimo ya Mfalme Sulemani inamtazama Mwafrika kwa jicho la mzungu mwindaji, na hilo halifutiki kwa ufasaha wa mfasiri. Hata hivyo zilikuwa na jambo ambalo katekisimu haikuwa nalo: mtu alitaka kujua kitakachotokea ukurasa unaofuata. Katika Kisiwa chenye Hazina mwenye kusimulia sehemu kubwa ya hadithi ni kijana, na kijana msomaji alijiona humo, ijapokuwa maji pekee aliyoyajua yalikuwa ya mto. Mwanangu wa bonde aliyezoea mtumbwi na pondo alisoma habari za tanga, mlingoti na nanga kwa lugha ya Unguja, na akazielewa. Kwa hiyo, ndugu zangu wa visiwani, tulikuwa tunasema maneno yenu ya bahari miaka mingi kabla ya kuiona bahari yenyewe.

Kwa upande wa pili, habari za bonde hilo zilikuwa zikiandikwa kwa lugha nyingine. Mwaka 1935 A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick walitoa London kitabu kinene juu ya Wabena wa Mtoni, Ubena of the Rivers, chenye sura iliyochangiwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Mtawala wa bonde akieleza habari za watu wake! Mimi nilikutana nacho nikiwa nimepita miaka 40, kwa Kiingereza nilichojifundisha kwa kamusi, na nilipokuwa nikisoma sura ile nilikuwa nikiifasiri kimoyomoyo, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayerudisha kitu nyumbani. Kijana wa Utengule angekisoma kwa furaha gani mwaka ule ule wa 1935, kama kingekuja kwa lugha aliyokuwa akisomea Mambo Leo?

East African Literature Bureau iliyoanzishwa 1948 ilijaribu kuziba pengo kwa mashindano ya uandishi. Shindano la 1957/58 ndilo lililomtoa Muhammed Said Abdulla, na Mzimu wa Watu wa Kale kikachapishwa 1960. Lakini baina ya kiwanda cha chapa na Ifakara palikuwa na barabara ambayo masika huigeuza tope, na mto ambao hufurika ukameza bonde. Kitabu kilikuja kwa mkono wa mwalimu aliyehamishwa au mganga msaidizi aliyetoka likizo, kikapita nyumba kumi, kikafa.

Reli ndiyo iliyobadili mambo. Baina ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania waliitandika TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, ikipita Mang'ula, Ifakara, Mbingu na Mlimba. Vijiji vilihamishiwa kando ya reli wakati ule ule wa Ujamaa, watu wakiwa radhi au wasiwe radhi. Yameandikwa mengi juu ya shaba ya Zambia na siasa za ukombozi. Kidogo kimesemwa juu ya kilichoshuka mkononi mwa abiria wa kawaida. Treni iliyosimama kila kituo ilichukua mchele, ndizi na samaki wakavu kwenda, ikarudi na vitenge, betri za redio, Uhuru la juzi na Mzalendo la Jumapili iliyopita, na riwaya zilizonunuliwa Kariakoo kwa ajili ya safari ndefu, ambazo msomaji akishazimaliza huziuza au huzigawa kituoni.

Tena vitabu hivyo vilikuta watu walio tayari. Kampeni ya kisomo ilikuwa imepamba moto. Mtihani wa kwanza wa taifa wa watu wazima ulifanywa Agosti 1975, na ikakadiriwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 walihesabiwa kuwa asilimia 9.6. Mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya lazima kwa wote. Msomaji azitazame tarakimu hizi pamoja na ratiba ya treni. Katika nyumba moja mama alikuwa akisoma kijitabu cha kisomo kuhusu kilimo bora kwa kufuatisha kidole, na mwanawe wa miaka 13, kwa taa ile ile ya kibatari, alikuwa akimfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) au Kikosi cha Kisasi (1979). Sijui kama bonde lile liliwahi kabla ya hapo kuwa na vizazi viwili vinavyosoma kwa wakati mmoja.

Na tulisoma nini? Tulisoma kilichokuwapo, bila adabu wala mpango. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, ambacho kilikuwa kimetoka 1965, bado kilikuwa kikizunguka. Kwa siri tulisoma Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971), kilichopigwa marufuku mashuleni kwa kuwa kilieleza waziwazi yanayompata msichana aliyelelewa kwa fimbo. Wasichana wa darasa letu walikifunga kwa jalada la kitabu cha hesabu. Kutoka huku visiwani kulikuja Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976) vya Mohamed Suleiman Mohamed, na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) cha Adam Shafi. Hiki cha mwisho nilikisoma mara tatu, kwanza kwa ajili ya visa, ya pili kwa hasira, ya tatu kwa ajili ya lugha. Karibu na soko alikuwapo mpiga picha mmoja mwenye vitabu visivyozidi 15, akivikodisha kwa shilingi mbili kwa siku mbili, na ukichelewesha hulipi faini bali unaondolewa kwenye foleni. Adhabu hiyo ilikuwa kali mno. Nilimwona kijana mkubwa, mbeba magunia kituoni, akilia kwa sababu yake.

Katika miaka hiyo ya 1980 umaskini wa nchi uliathiri hata karatasi. Vita dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya kitabu kipya kiwe kitu cha kusimuliwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko Mufindi juu ya bonde letu, kilianza kazi katikati ya miaka hiyo. Karatasi ilitengenezwa mlimani, sisi tulikuwa bondeni, na daftari lilikuwa haba. Ndiyo maana kurasa za Bwana Msa ziliishia katika moshi wa tumbaku. Simlaumu sana mvutaji yule.

Sasa nifike kwenye mlango nilioutaja. Mwaka 1984 tulifanya mtihani wa darasa la saba mimi na rafiki yangu tuliyekaa dawati moja na kuchangia foleni moja kwa mpiga picha. Wakati ule waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika kumi katika kila mia. Yeye alichaguliwa, mimi sikuchaguliwa. Nililia, naye alinifariji, akaniachia vitabu vyake viwili kwa kuwa huko aendako, alisema, atapata bora zaidi. Tulipoonana tena tukiwa watu wazima wenye watoto, tuliketi kutwa nzima tukizungumza, na nilimuuliza amesoma nini miaka yote hiyo. Aliniambia kwamba tangu siku alipoingia kidato cha kwanza hakusoma riwaya ya Kiswahili isipokuwa zile za mtihani. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kipindi kimoja miongoni mwa vingi. Aliyekutwa akikizungumza nje ya kipindi hicho alivishwa kibao shingoni. Kiingereza chenyewe hakikuwahi kuwa chake kiasi cha kumfanya afungue kitabu kwa raha. "Niliacha lugha moja ukingoni," alisema, "na sikufika ng'ambo." Yeye alikuwa na akili kunishinda. Ushairi ninaoandika leo ulipaswa kuandikwa naye.

Nimelitafakari neno lake kwa miaka mingi. Mimi niliyeachwa nje nilibaki na Kiswahili kwa sababu sikuwa na kingine, nikasoma mpaka nikawa mwandishi. Yeye aliyeingia ndani alitengwa na lugha yake katika umri ule ule wa miaka 14 ambao mtu huanza kusoma kwa kujitafuta. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imeliona jambo hili. Katika taarifa yake ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, mwaka ule ule niliokuwa juu ya dungu. Serikali haikukubali. Sera ya elimu ya 2014 nayo iliahidi Kiswahili katika ngazi zote, na darasa la kidato cha kwanza Ifakara likaendelea na Kiingereza chake. Wala sisi wa Unguja na Pemba tusijitoe: sera yetu ya 2006 iliishusha hesabu na sayansi kwa Kiingereza hadi darasa la tano.

Mabadiliko makubwa ya karne hii yameligeuza tatizo la wachache kuwa la wengi. Kuanzia 2004 zilijengwa sekondari za kata nchi nzima, na mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ikaondolewa hadi kidato cha nne. Ni neema, na anayeibeza hajui maana ya kuachwa. Lakini mlango ambao zamani walipita wachache sasa wanapita maelfu, na kila anayepita hupoteza kile alichopoteza rafiki yangu. Kinachobaki ni vitabu teule. Takadini cha Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni vitabu vyema, na nimewasikia wanafunzi wa Ifakara wakibishana juu ya Takadini, yule mtoto zeruzeru, kwa moto uliowaka kweli. Ila wengi wao hawakuwa wamekishika kitabu chenyewe. Walikuwa na kijitabu cha uchambuzi: dhamira hizi, falsafa hii, jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Hadithi ilikuwa imechujwa, wakapewa makapi ya mtihani. Hata fadhila za wageni zilifuata mkondo huo huo: Tuzo ya Burt, iliyokuja nchini mwishoni mwa miaka ya 2000 ili kuwapatia vijana riwaya, ilitaka riwaya hizo ziandikwe kwa Kiingereza.

Pembeni mwa shule hamu iliendelea kutafuta njia. Hadithi za Eric Shigongo, zilizotoka sehemu kwa sehemu magazetini, zilipita mkono kwa mkono kwenye mabasi ya Mikumi, na baada yake zikaja hadithi za kusoma kwenye simu, nyingine zimeandikwa ovyo, nyingine kwa ustadi ambao sisi wenye vitabu hatujautambua. Wasomi huzicheka. Mimi siwezi, nikikumbuka nilivyomlilia Willy Gamba.

Na liko jambo linalotuhusu sisi wafasiri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ambayo mhusika wake mkuu Yusuf ni kijana wa miaka 12 anapoanza safari, ilitoka kwa Kiingereza 1994. Tafsiri yake, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Ni miaka 28. Msichana aliyekuwa na umri wa Yusuf kitabu kilipotoka alikuwa na miaka 40 Kiswahili kilipokipata.

Mara ya mwisho nilipokwenda Ifakara nilibeba Peponi na Mzimu wa Watu wa Kale, nakala kamili, yenye jalada na kurasa zote. Nilipita daraja la Kilombero lililofunguliwa 2018, mahali tulipokuwa tukisubiri kivuko tangu asubuhi, nikaenda kumsalimu dada yangu ng'ambo. Binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alivipokea vitabu kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mjomba," akavipima uzito, akachagua kile chembamba.

"Hiki kitatoka kwenye mtihani?"

Nikamwambia hakitatoka.

"Basi nitakisoma likizo," akasema, na akakiweka juu ya kabati. Usiku nilipotoka kwenda kunawa niliona mwanga wa simu chini ya mlango wake, nikasikia ukurasa ukifunuliwa.